Mwenye Macho Huambiwa Tazama: Kuisoma Picha ya Kale ya Mandhari ya Uholanzi

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii ina ukweli wake kwa mtu aliye njiani anayeliona shimo mbele yake. Kwa msomaji wa fasihi haina ukweli huo. Msomaji ni mtu mwenye macho ambaye, tangu siku anapoingia darasani hadi siku anapoitetea tasnifu yake, huambiwa tazama, na akishatazama huambiwa tazama tena. Katika makala haya ninakusudia kuitetea kazi hiyo kwa njia ambayo huenda ikawashangaza baadhi ya wasomaji wa jarida hili. Nitaziweka kando riwaya na tenzi kwa muda, na badala yake nitaisoma picha moja ya kale, picha ya mandhari ya Uholanzi, iliyopigwa na mtu ambaye hakuliandika jina lake.

Sababu ya kufanya hivyo inatokana na neno mandhari lenyewe. Katika uhakiki wetu, mandhari ni istilahi iliyochakaa mapema. Mwanafunzi hufundishwa kwamba kazi ya fasihi ina fani na maudhui. Kwamba chini ya fani kuna msuko, wahusika, mtindo, matumizi ya lugha na mandhari. Na kwamba mandhari ni mahali na wakati ambapo matukio hutendeka. Mtihani ukija, hoja ya mandhari aghalabu huandikwa mwisho, tena kwa sentensi moja: mandhari ya riwaya hii ni ya kijijini, mandhari ya tamthilia hii ni ya mjini. Nimesahihisha sentensi za aina hiyo kwa miaka mingi. Hazina kosa la sarufi wala la ukweli. Hata hivyo, aliyeziandika hakutazama kitu chochote, na sisi tuliomfundisha tulimpa alama.

Picha yenyewe

Picha ninayoizungumzia niliinunua mjini Leiden, kwenye meza ya mwuza vitu vikuukuu, nilipokuwa huko kwa miezi kadhaa kwa ajili ya utafiti. Upana wake ni takriban sentimita 26 na kimo chake ni sentimita 20. Imebandikwa juu ya kadibodi nene, na rangi yake ni ya hudhurungi inayoelekea manjano, hasa pembeni. Nyuma yake pameandikwa neno moja kwa penseli: Kinderdijk. Hapana jina la mpiga picha, na hapana mwaka.

Kinderdijk ni kijiji kilichoko mashariki mwa jiji la Rotterdam, mahali inapokutana mito ya Lek na Noord. Kijiji hiki kinajulikana kwa vinu vyake 19 vya upepo, ambavyo UNESCO iliviingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997. Vinu hivi vimechapwa kwenye kalenda, visahani na mikebe ya biskuti kiasi kwamba mtu ambaye hajawahi kukanyaga Uholanzi huamini kwamba alikwisha kuviona. Huo ndio ugumu wa kwanza wa kuitazama picha hii: mkebe wa biskuti umetutangulia.

Kwa mtazamo wa kwanza picha inatoa kila kitu ambacho mkebe ungetoa. Katikati pana mfereji mpana ambao maji yake ni laini kama kioo. Upande wa kulia pana tuta refu lililoota nyasi. Karibu nasi, upande wa kushoto, kimesimama kinu kikubwa. Ng'ambo ya maji vipo vingine vitatu, kila kimoja kikiwa kidogo kuliko kinachokitangulia. Yuko ng'ombe mmoja. Juu ya vyote hivyo pana anga. Nilipoileta picha hii katika semina ya uzamili na kuwaomba wanafunzi waieleze kwa sentensi moja kila mmoja, wengi wao walilitumia neno tulivu. Kisha niliwapa lenzi ya kukuzia na muda wa saa nzima. Yafuatayo ni matunda ya saa hiyo, pamoja na mengine niliyoyaongeza baadaye nikiwa peke yangu.

Anga isiyo na kitu

Theluthi mbili za picha hii ni anga, na anga hiyo haina kitu. Hamna wingu, hamna ndege, hamna hata tofauti ya rangi kati ya juu na chini. Mhakiki aliyezoea kutafuta ishara atakuwa tayari kuandika kwamba utupu huu unaashiria upweke au ukimya wa Mungu. Ningemsihi asubiri.

Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 waliipenda anga kuliko kitu kingine chochote. Nchi yao ni tambarare, hivyo upeo wa macho huwa chini na mawingu hupata nafasi kubwa. Jacob van Ruisdael, aliyefariki mwaka 1682, alikichora kinu cha Wijk bij Duurstede mnamo 1670 hivi, na katika mchoro huo, ambao unahifadhiwa Amsterdam, mawingu mazito yanafanya kazi kubwa sawa na kinu chenyewe. Sasa tazama ajabu ya mambo. Miaka mia mbili baadaye inakuja ala mpya inayosifiwa kwa kusema kweli kuliko brashi, inapelekwa kwenye nchi ile ile, na kitu inachoshindwa kukiona ni kile ambacho wachoraji walikiona zaidi ya vyote.

Maelezo yake ni ya kikemia. Mabamba ya kioo yaliyotumiwa na wapiga picha wa karne ya 19 yaliathiriwa mno na mwanga wa buluu, lakini yalikuwa karibu vipofu mbele ya rangi nyekundu na manjano. Kwa hiyo anga ya buluu iliunguza bamba upesi na kutokea nyeupe kwenye karatasi, na mawingu, ambayo ni meupe kwa asili, yakazama ndani ya weupe huo. Mfaransa Gustave Le Gray, katika miaka ya 1850, aliikwepa shida hii kwa kupiga anga na bahari kwenye mabamba mawili tofauti na kuyaunganisha wakati wa kusafisha picha. Mnamo 1873 Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba bamba likitiwa rangi fulani huweza kuhisi mwanga ambao awali halikuuhisi. Mpiga picha wetu wa Kinderdijk hakutumia hila ya kwanza, na yaelekea hakuwa na manufaa ya ugunduzi wa pili.

Utupu wa anga hii, basi, ni mpaka wa uwezo wa ala. Siku hiyo huenda mawingu yalikuwa mengi. Funzo kwa mhakiki ni rahisi na ni gumu kwa wakati mmoja: kabla ya kuupa ukimya wa matini maana, sharti tuulize kama matini ilikuwa na uwezo wa kusema. Mambo mangapi hayamo katika tenzi zetu za kale kwa sababu vina na mizani havikuyapa nafasi, au kwa sababu mnakili aliishiwa na karatasi, nasi tukaandika kwamba mtunzi aliyadharau?

Kilichosimama na kilichotembea

Tukikitazama kinu kilicho karibu, tunaona kwamba kimejengwa kwa matofali na ni cha mviringo. Hilo latosha kututambulisha kwacho. Vinu vinane vya mviringo vya matofali vya Kinderdijk vilijengwa mwaka 1738 kwa ajili ya eneo liitwalo Nederwaard. Vile vya ng'ambo ya pili, vyenye pande nane na vilivyoezekwa kwa matete, ni vya eneo la Overwaard na vilijengwa mwaka 1740. Kinu chetu kimesimama. Mabawa yake manne yamekaa mfano wa alama ya kuzidisha. Katika desturi ya watunza vinu wa Uholanzi, mkao huo humaanisha mapumziko marefu. Mabawa yakikaa mfano wa alama ya kujumlisha, mapumziko ni mafupi. Bawa likisimamishwa kabla tu ya kufika juu kabisa, pana furaha. Likisimamishwa baada tu ya kupita juu, pana msiba. Hii ni lugha kamili ya ishara, ambayo jirani aliisoma kutoka mbali bila kuuliza mtu.

Kila bawa ni fremu ya fito ambayo hutandazwa kitambaa cha tanga kulingana na nguvu ya upepo. Katika kinu chetu fito zinaonekana moja moja, waziwazi, na vitambaa vimekunjwa na kufungwa kando. Mtu alilishusha kila bawa hadi chini, akalikunja tanga lake, akalifunga, kisha akaliendea la pili. Mtu huyo hayumo katika picha.

Sasa tuvuke maji. Kinu cha pili upande ule kina mwili na paa lakini hakina mabawa. Mahali pa mabawa pana duara la weupe hafifu, mfano wa mwezi nyuma ya ukungu. Bamba la kioo lilihitaji kuachiwa mwanga kwa sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo mabawa ya kinu hiki yalikuwa yakizunguka. Kinu kilichopumzika kimepigwa picha kikamilifu, hadi ufito wa mwisho. Kinu kilichokuwa kikifanya kazi kimepoteza mikono.

Nilipolitambua jambo hili sikuweza tena kuiita picha hii tulivu. Ulaini wa maji yale, uliowavutia wanafunzi wangu, ni mawimbi madogo yaliyosawazishwa na sekunde zile zile. Kando ya mlango wa kinu cha karibu pana kamba ya nguo, kwani vinu hivi vilikuwa pia makao ya familia za watunzaji. Ncha za juu za nguo, pale zilipobanwa, ni kali, na ncha za chini zimefifia kama moshi. Upepo ulikuwepo, tena mwingi.

Juu ya tuta upande wa kulia, lenzi inaonyesha wilbaro. Inaonekana vizuri, gurudumu lake na mikono yake miwili. Nyuma yake, pale ambapo mtu angesimama ili aisukume au aipakie, pana doa la kijivu lenye urefu wa binadamu, na chini ya doa hilo pana alama mbili nyeusi ambazo huenda ni viatu. Hatua kumi hivi kutoka hapo amesimama ng'ombe, pembe zake na mabaka yake yote yakionekana. Ng'ombe aliyetulia ameingia katika kumbukumbu. Mtu aliyekuwa kazini ameacha moshi.

Wanahistoria wa upigaji picha wanaifahamu sana hali hii. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris kutoka dirishani. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini kwa kuwa bamba lilihitaji dakika kadhaa, wote waliokuwa wakienda walitoweka. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyesimama akipigiwa viatu rangi. Huyu anatajwa mara nyingi kuwa binadamu wa kwanza kuonekana katika picha ya aina hii. Yule aliyekuwa akivisugua viatu vyake, ambaye pia alikaa mahali pamoja lakini mikono yake haikutulia, ni vigumu kumbainisha.

Sidai kwamba kemia ilikuwa na itikadi. Fedha iliyopakwa juu ya kioo haimjui bwana wala mtumwa. Ninachodai ni kwamba ala iliyoweza kukiona tu kile kilichotulia ilikuwa na matokeo ya kitabaka hata bila mtu kukusudia, kwa maana wanaotulia na wanaohangaika si watu wale wale.

Dohani

Nyuma ya kinu cha mwisho, karibu kabisa na ukingo wa kushoto wa picha, pana mstari mwembamba uliosimama wima. Mtazamaji wa haraka angeweza kuudhania mlingoti wa mashua. Ukikuzwa, unaonekana kuwa mpana zaidi chini kuliko juu, na kileleni una pete. Ni dohani.

Mstari huu ndio unaotupa tarehe. Kituo cha pampu za mvuke kilijengwa Kinderdijk mwaka 1868. Picha yetu, basi, ilipigwa baada ya mwaka huo, na kwa kuwa karatasi yake ni ya aina iliyopakwa ute wa yai, ambayo matumizi yake yalififia mwishoni mwa karne ya 19, tunaweza kuiweka katika miongo mitatu ya mwisho ya karne hiyo. Hii ina maana kwamba mpiga picha aliposimika kamera yake, vinu vilikuwa vimekwisha kupata mshindani. Kwingineko Uholanzi mshindani huyo alikuwa amekwisha kushinda: ziwa la Haarlemmermeer lilikaushwa kati ya 1849 na 1852 kwa mitambo mitatu ya mvuke, bila kutegemea vinu.

Aliyepiga picha hii alikuwa na nchi nzima mbele yake, naye alichagua kukiweka kinu katikati na dohani ukingoni. Angesogea hatua chache kulia, dohani ingetoka kabisa. Hakusogea, ama kwa sababu hakuijali, ama kwa sababu tuta lilimzuia. Kwa vyovyote vile, mpangilio huu ni usimulizi. Unaamua jambo lipi ni Uholanzi na jambo lipi ni bahati mbaya ya siku ile. Mikebe ya biskuti ya baadaye iliumalizia uamuzi huo kwa kuifuta dohani.

Ardhi iliyotengenezwa

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba ardhi ilikuwepo na mpiga picha akaikuta. Lakini ardhi hii ina habari yake. Iko chini kuliko mto ulio kando yake. Maji ya mvua na yale yapenyayo chini ya matuta hukusanyika katika mitaro; kinu huyainua kwa gurudumu lenye vibao hadi kwenye hodhi, na kutoka huko huachiwa kuingia mtoni pindi mto unapopungua. Ardhi ya aina hiyo, iliyozungushiwa tuta na kukaushwa, Waholanzi huiita polda. Aidha, udongo wa sehemu hizi kwa wingi ni mabaki ya mimea iliyooza, na udongo wa namna hiyo ukikaushwa hudidimia. Kadiri watu wanavyoikausha ardhi ndivyo inavyoshuka, na kadiri inavyoshuka ndivyo inavyohitaji kukaushwa zaidi. Kazi hii haina siku ya kwisha. Yule mtu wa wilbaro hakuwa akipita katika mandhari. Bila yeye na wenzake, mahali aliposimama ng'ombe pangekuwa maji.

Wenyeji wana ngano kuhusu jina la mahali hapa, ambalo tafsiri yake ni tuta la mtoto. Inasemekana kwamba baada ya gharika ya Mtakatifu Elizabeth ya mwaka 1421, susu la mtoto lilionekana likielea, na juu yake paka akirukaruka upande huu na upande huu ili lisipinduke. Likafika kwenye tuta, na mtoto alikuwa hai. Ni ngano nzuri, na mtaalamu wa fasihi simulizi angepata mengi ya kusema juu yake. Mimi nasema moja tu: inamkumbuka mtoto, inamkumbuka paka, na tuta inalichukulia kuwa lilikuwepo tu. Hali ni hiyo hiyo kwa majina yaliyoandikwa kwenye mawe. Ile mitambo mitatu ya Haarlemmermeer iliitwa Leeghwater, Cruquius na Lynden, kwa heshima ya watu waliokuwa wamebuni mipango ya kulikausha ziwa. Wachimbaji wa mfereji wa kulizunguka, wenye urefu wa kilomita 60 hivi, waliitwa kwa jina moja la jumla, vijana wa polda.

Hapa lugha zenyewe zina la kutufunza. Neno la Kiholanzi ni landschap. Sehemu yake ya kwanza ni ardhi. Sehemu ya pili ni kiambishi ambacho kina udugu na kitenzi chenye maana ya kuumba. Kiingereza kililiazima neno hilo kutoka kwa wachoraji wa Uholanzi karibu na mwaka 1600. Neno letu, mandhari, limetokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutazama, na kutoka mzizi huo huo tumepata neno nadharia. Mandhari na nadharia ni ndugu wa tumbo moja: kimoja ni kinachotazamwa, kingine ni namna ya kutazama. Neno la Kiholanzi linabeba dokezo la kazi. Neno letu linabeba dokezo la jicho. Sioni haja ya kuliacha neno letu. Naona haja ya kulikumbusha swali ambalo jirani yake analijua: nani alikifanya hiki ninachokitazama?

Swali hili sikulitoa vitabuni. Nilikulia karibu na mashamba ya mpunga ya Mwea, mahali ambapo maji hupita katika mifereji iliyonyooka na ambapo wageni husimamisha magari yao barabarani ili wapige picha za kijani kile. Mifereji ya kwanza ya Mwea ilichimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na waliotumiwa kuichimba kwa majembe ni watu waliokuwa kizuizini. Wazee wetu walijua. Walipopita kwenye tuta fulani walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea na mazungumzo. Mwea na Kinderdijk si kitu kimoja; mchimbaji wa Kiholanzi alilipwa, hata kama alilipwa kidogo, na hakulindwa kwa bunduki. Lakini aliyefunzwa na ukimya wa wazee wale hawezi kuuona mfereji ulionyooka akaridhika kusema kwamba unapendeza.

Pingamizi

Mwenzangu mmoja, ambaye ninauheshimu sana uhakiki wake, alinipa pingamizi mbili nilipoyasoma mawazo haya mbele ya idara. Ya kwanza ilikuwa kwamba picha si matini ya fasihi: haina msimulizi, hivyo kila mtu aweza kuipachika maneno anayotaka. Ya pili ilikuwa kwamba idara ya Kiswahili ina maandishi yake ambayo bado hayajasomwa, na haina wasaa wa kwenda kuhurumia vinu vya Ulaya.

Pingamizi ya kwanza ina uzito. Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwisho kuhusu picha, kilichotoka mwaka 1980, alitofautisha yale ambayo mtazamaji hujifunza kutoka kwa picha kwa sababu ya elimu yake na kile kijambo kimoja kinachomchoma yeye binafsi. Wanafunzi wetu wameupenda mchomo huo kwa sababu hauhitaji ushahidi: ukisema kwamba umechomwa, hapana wa kukubishia. Mimi nimejaribu kwenda njia nyingine. Wilbaro ile ilinichoma, nakiri, lakini hoja yangu haisimami juu ya mchomo huo. Inasimama juu ya sekunde za kuachia mwanga, juu ya mwaka 1868, juu ya umbo la matofali na mkao wa mabawa. Mtu mwingine akiichukua lenzi atayakuta hayo hayo, na akinipinga atanipinga kwa hayo hayo. Picha haikubali kila maneno. Inawakatalia waliosema kwamba ni tulivu.

Pingamizi ya pili naijibu kwa kuikubali nusu. Hatukwenda Kinderdijk ili tukae huko. Tulikwenda kwa sababu mahali pageni hutunyima kiburi cha kujua. Mwanafunzi akisoma kuhusu kijiji cha Pwani au cha Mlima Kenya, jicho lake linaruka, kwa kuwa anadhani anakijua. Mbele ya picha isiyo na jina, ya nchi asiyoijua, analazimika kuhesabu mabawa.

Kurudi kwenye maandishi

Tukirudi kwenye maandishi yetu, tutakuta kwamba washairi wetu walitutangulia katika somo hili. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatuonyesha majumba ya Pate yaliyobaki magofu, nasi tumezoea kuyaeleza magofu hayo kama mandhari yanayobeba dhamira ya ubatili wa dunia. Maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, utenzi wenyewe hauishii kwenye kuta. Unawauliza waliokaa humo wako wapi, na vitu vilivyobaki unavisoma kama alama za watu. Mshairi aliyatazama magofu kama mtu anayeitazama wilbaro na doa la kijivu. Hatua moja zaidi inabaki kwetu wahakiki: baada ya kuwauliza matajiri wa Pate wako wapi, tuwaulize pia waliozijenga kuta zile wako wapi, na kwa nini hata gofu haliwakumbuki.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika kufundisha mandhari tuongeze maswali matatu kwa yale tuliyozoea ya wapi na lini. La kwanza: chombo kinachotuonyesha mahali hapa, kiwe ni aina ya usimulizi, bahari ya shairi au nafsi ya msimulizi, kina uwezo wa kuona nini na ni kipofu mbele ya nini? La pili: ni kitu gani kimewekwa ukingoni, na kingesemaje kama kingesogezwa katikati? La tatu: mahali hapa paliumbwa kwa kazi ya nani, na mtu huyo yuko wapi katika matini? Maswali haya hayahitaji nadharia mpya kutoka ng'ambo. Yanahitaji muda, na muda ndio tunaowanyima wanafunzi wetu tunapowapa riwaya sita kwa muhula mmoja.

Katika semina ile, saa ilipokwisha, niliwaomba wanafunzi waandike upya ile sentensi moja. Neno tulivu lilikuwa limetoweka katika karatasi zote isipokuwa moja, na aliyelibakiza alikuwa ameongeza mbele yake neno ng'ombe. Tulicheka, lakini nilimpa alama zote. Ng'ombe ndiye aliyekuwa ametulia.